Jokofu la Wizara ya Mambo Yajayo

Msomaji asihangaike kuitafuta Jamhuri ya Kimbelembele kwenye ramani. Ramani yake ilishachorwa, ila inasubiri kikao cha kuipitisha, na kikao kinasubiri akidi, na wajumbe wa kutimiza akidi wako safarini ng'ambo wakijifunza kuchora ramani. Nchi yenyewe ipo. Watu wake wapo pia, wanaamka, wanachoka, wanalala.

Aliyechoka kuliko wote, kwa maoni yangu, alikuwa Bi Tabu Machano, katibu wa Kamati Kuu ya Manunuzi ya Serikali. Kazi yake ilikuwa kupanga ajenda, kuandika mihutasari, na kuangalia wajumbe wasikose maji ya kunywa. Alikuwa ameandika mihutasari mingi mno, hata akawa anaweza kuandika muhtasari wa kikao cha kesho leo. Aliwahi kufanya hivyo, na kikao kikaenda vilevile alivyoandika, pamoja na vichekesho vya mwenyekiti.

Bi Tabu alikuwa na binti mmoja, Asumini, mkunga wa Hospitali ya Mikongoroni, ng'ambo ya mito miwili isiyo na madaraja. Hospitali ile haikuwa na jokofu la damu. Mzazi akianza kutokwa na damu nyingi, pikipiki hutumwa mjini kuchukua chupa mbili tatu ndani ya ndoo ya barafu. Mto ukijaa, pikipiki inangoja, na barafu haingoji. Ombi la jokofu moja lilifika kwenye Kamati wakati Asumini angali chuoni, na Bi Tabu aliliweka kwenye ajenda ya kila kikao. Aliliweka mwishoni, kwa sababu huko juu kulijaa mambo ya wakubwa. Na kila kikao kiliahirishwa kabla ya kufika mwishoni, kwa sababu chakula kilikuwa kimeletwa.

"Shikamoo mama. Wamelikataa?" Asumini aliuliza kwenye simu, baada ya kikao kingine cha namna hiyo.

"Marahaba. Hawajalikataa."

"Basi wamelikubali."

"Hawajalikubali pia, mwanangu."

"Sasa liko wapi?"

"Liko kwenye ajenda."

Ndipo Asumini akamwambia kwamba asubuhi ile wametoka kumzika Mama Shukuru, yule muuza vitumbua wa pale langoni mwa hospitali. Mtoto yuko salama. Mama mtu damu yake ilikuwa ng'ambo ya mto, ndani ya ndoo. Bi Tabu aliwahi kula vitumbua vya Mama Shukuru, akafungiwa na vingine vya njiani bila kuombwa hata senti. Alikaa na simu mkononi, hasira ikampanda mpaka kooni, kisha ikateremka yenyewe kwa kukosa pa kwenda.

*

Wakati huohuo nchi jirani ikanunua kompyuta ya kwanta.

Nchi jirani ilikuwa na tabia hiyo mbaya, ya kununua vitu kabla ya Kimbelembele. Mheshimiwa Tindwa, Waziri wa Mambo Yajayo, aliipata habari akiwa uwanja wa ndege, akaghairi safari, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya serikali ile. Kikao cha dharura kikaitishwa.

"Nchi yetu haiwezi kubaki na kompyuta hizi za kawaida," alisema, akiigonga meza ambayo juu yake hapakuwa na kompyuta yoyote. "Hizi zinahesabu. Ile ya kwanta haihesabu, inajua."

Mjumbe mmoja mgeni, ambaye hakuitwa tena kwenye vikao, akauliza mashine hiyo inafanya kazi gani hasa.

"Ndugu mjumbe," Mheshimiwa akamjibu kwa huruma, "jirani hawezi kununua kitu kisichokuwa na kazi."

Bi Tabu akaiandika hiyo kuwa ndiyo tathmini ya mahitaji. Hata hivyo, utaratibu ulitaka kila wizara iseme itaitumiaje. Kilimo wakasema itawajulisha siku ya mvua. Mambo ya Ndani wakasema itawakamata wezi kabla hawajaiba, hivyo kuokoa muda wa pande zote. Tume ya Uchaguzi ikauliza kama mashine inaweza kutoa matokeo mapema, ikajibiwa kwamba hilo linafanyika tayari bila mashine.

Kampuni zilizojitokeza kuuza zilikuwa tatu. Mashine ya kwanza ilikataliwa kwa udogo, maana haiwezekani Kiongozi wa Nchi apigwe picha na kitu kidogo. Ya pili ilikuwa kubwa lakini ya bati, mtu angedhani ni tangi la maji. Ya tatu, ukiifungua, ndani yake palikuwa na mitungi na mabomba na sahani zenye rangi ya dhahabu, zimening'inizwa ngazi kwa ngazi. Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Pazi, aliitazama picha yake kwa muda mrefu, akaipitisha kwa wenzake, wakaitazama na wao. Kwenye muhtasari Bi Tabu akaandika kuwa mashine ya tatu imeshinda kwa sababu za kitaalamu.

Muuzaji akaleta mtaalamu wake kuwaelimisha wajumbe. Alikuwa kijana mpole mwenye Kiswahili cha darasani, na uso wa mtu anayeamini kuwa akieleza vizuri ataeleweka. Bi Tabu alimwonea huruma tangu alipoingia.

"Kompyuta ya kawaida," alisema kijana, "husema ndiyo au hapana. Hii yetu, ndani yake, huwa ndiyo na hapana kwa pamoja. Unapotazama tu, ndipo inakuwa jambo moja."

Wajumbe wakageukiana. Chumba kizima kilijaa nuru ya watu wanaokutana na ndugu waliyepotezana naye.

"Kwa hiyo ukiiuliza jambo," Bwana Pazi akasema taratibu, "haijakubali na haijakataa."

"Naam, mzee."

"Mpaka mtu aje atazame."

"Kabisa."

"Kijana, wewe ungesema tangu mwanzo. Sisi hapa tumefanya kazi hiyo miaka yote, tena bila umeme."

Wakapiga makofi. Bi Tabu hakupiga. Alikuwa anafikiria karatasi ya jokofu la Mikongoroni, ambayo nayo haijakubaliwa wala kukataliwa.

Mtaalamu akaendelea. Mashine hii, alisema, inafanya kazi kwenye baridi kali isiyopatikana popote duniani, na kifuniko chake kikishafungwa kisifunguliwe, maana joto la chumba likiingia imekwisha. "Baridi ndiyo roho yake," alisema. "Pasipo baridi hamna kompyuta." Hapo Bwana Pazi akashika kidevu. Aliona hatari ambayo wazungu hawakuiona. Mtu akitoka kwenye joto akajimwagia maji ya baridi ghafla, si anapata mafua? Mashine itoke bandarini, kwenye jua lile, iingizwe kwenye baridi kali mara moja, itapona kweli?

Mtaalamu akafungua mdomo. Bi Tabu akamtangulia, na mpaka leo hajui ujasiri ule aliutoa wapi.

"Labda Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, liagizwe na jokofu moja la kawaida. Mashine ikae pembeni yake kwanza, izoee."

Likapita bila mjadala, na sifa zikatolewa kwa Mwenyekiti. Jioni, Bi Tabu aliziandika sifa za jokofu hilo la kuzoesha, na zilikuwa neno kwa neno zile alizotumiwa na Asumini: jokofu jeupe, mlango mzito usio na kioo, lenye rafu za kupanga chupa za damu. Mpango wake ulikuwa mdogo. Mashine ikishazoea, jokofu litakuwa halina kazi, na kitu kisicho na kazi kinaweza kwenda Mikongoroni bila kikao. Kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Mama Shukuru, akala chakula chote sahanini.

*

Sasa lazima niieleze Sheria ya Mkono, kwa sababu bila hiyo haya mengine yataonekana ya kutunga.

Zamani kidogo serikali ilipokea ndege ambayo haikuwepo. Makaratasi yake yalikuwepo, rubani wake alikuwepo na alilipwa mpaka alipostaafu, ila ndege yenyewe hakuna aliyewahi kuikuta nyumbani. Baada ya aibu ile ikatungwa sheria kali: hakuna mali ya umma itakayopokelewa mpaka kila mjumbe wa Kamati aiguse, sehemu yake ya ndani inayofanya kazi, kwa kiganja kitupu. Wajumbe wakagusa lami, wakagusa mbolea, wakateremshwa kisimani kwa kamba mmoja mmoja. Programu za hesabu za Wizara ya Fedha zilipofika, muuzaji alilazimika kuzichapa kwenye karatasi ili ziguswe.

Mizigo ilipofika na kufungwa kwenye Ukumbi wa Mambo Yajayo, mtaalamu alikuwa ameshinda siku nyingi akiipooza mashine, haoni jua. Mashine ilikuwa ndani ya pipa lake refu, inavuma kwa mbali. Pembeni, kwenye soketi ya ukutani, jokofu jeupe. Kamati ikaingia imekunja mikono ya mashati.

"Fungua tuguse," alisema Bwana Pazi.

"Mzee wangu, nilieleza. Ikifunguliwa inakufa."

"Na isipoguswa haijafika. Sasa unataka iwe imekufa, au iwe haijafika? Maana kitu ambacho hakijafika hakilipwi."

Mtaalamu akampigia simu bosi wake. Alipomaliza kusikiliza, akafungua pipa. Wajumbe wakapita kwa mstari wakiigusa ile dhahabu ya ndani, mmoja akaweka na shavu. Mvumo wa mashine ukashuka, ukakohoa, ukanyamaza. Kijana akaketi sakafuni akijishika kichwa. Bi Tabu akampelekea maji.

Wakahamia kwenye jokofu. Bwana Pazi akavuta mlango, taa ya ndani ikawaka, baridi ikampiga usoni. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ni ya baridi," alisema.

Wote wakagusa. Kweli, ilikuwa ya baridi. Wakaenda kugusa tena ile ya dhahabu, ikawa vuguvugu. Wakatazamana. Si mtaalamu mwenyewe aliyesema baridi ndiyo roho ya mashine, na pasipo baridi hamna kompyuta? Mjumbe mmoja akaufunga mlango wa jokofu, akauliza je, mle ndani taa inawaka au imezimika sasa hivi? Hakuna aliyejua. Inaweza kuwa inawaka, inaweza kuwa imezimika. Mpaka utazame. Akafungua: inawaka.

"Subhana," alisema Bwana Pazi kwa sauti ndogo. "Ndiyo yenyewe."

Bi Tabu akasogea mbele. "Mwenyekiti, hilo ni jokofu. La kuhifadhia damu. Tuliliagiza sisi."

"Bi Tabu, usione aibu. Hata bibi yangu alipoona redio mara ya kwanza alidhani ni sanduku la nguo."

Angeweza kueleza. Lakini angeanzaje, bila kusema nani alizitoa sifa za jokofu la damu, na kwa ajili ya nani? Akamgeukia mtaalamu. Kijana alikuwa amesimama, anajikung'uta vumbi la suruali, na macho yake yamepata uhai. Kama lile jeupe ndilo kompyuta, basi kampuni imekabidhi mashine inayofanya kazi. Akatia sahihi haraka, akapeana mikono na wote, akawahi ndege. Ile ya dhahabu ikapandishwa darini kuwa taa ya ukumbi, na mafundi wakahangaika kutafuta mahali pa kutia balbu.

*

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Tindwa alikaa na mashine peke yake kwanza, milango imefungwa, akaiuliza mambo yake ya moyoni. Alitoka amechanua. Kisha, mbele ya kamera, akauliza hadharani.

"Je, uchumi wetu unakua?" Akavuta mlango. Taa ikawaka. Ndiyo.

"Je, wananchi wana furaha?" Ndiyo.

"Je, jirani anatuonea wivu?" Ndiyo.

Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikauma. Kwa ajili ya demokrasia ilipangwa mwananchi mmoja aulize swali aliloandikiwa, lakini mwananchi huyo alikuwa amezuiwa njiani na msafara wa Waziri. Mheshimiwa akaangaza huku na huku, akamwona katibu amesimama ukutani na sinia la maji.

"Bi Tabu, hebu kuwa mwananchi kidogo."

Bi Tabu akaweka sinia chini. "Je, mashine hii ipelekwe Hospitali ya Mikongoroni?"

Mheshimiwa alikuwa ameshavuta mlango. Ndiyo. Akaufunga, akacheka kidogo, akafungua tena. Ndiyo. Akafunga, akangoja, akaufungua ghafla kama anayetaka kuifumania. Ndiyo. Ndipo Bwana Pazi, ambaye hakufika alipofika kwa bahati, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, akachomoa waya. Mlango ukafunguliwa. Giza.

"Hapana," akatangaza Mheshimiwa, akijifuta jasho. "Mmeona wenyewe. Inafikiri mara nne kabla ya kuamua." Makofi yakarudi, makubwa kuliko ya mwanzo.

Tangu siku hiyo Bwana Pazi akateuliwa Mkurugenzi wa Waya. Maswali ya wakubwa yaliulizwa waya ukiwa ukutani, ya wananchi waya ukiwa mkononi mwake. Wakulima waliuliza kuhusu bei, walimu wakauliza kuhusu nyumba, na wote wakajibiwa na mashine isiyopendelea mtu. Ndani ya rafu za damu waliweka soda za wageni, siku nyingine za baridi, siku nyingine za moto.

Asumini alipiga simu mara moja tu katika kipindi hicho. Hakuuliza jokofu liko wapi. Alilitambua kwenye televisheni.

"Mama, lile ni letu."

"Ni lenu."

"Mna soda mle ndani."

Bi Tabu alitaka kusema samahani. Alikata simu akalia, kisha akaenda kupanga ajenda, maana kesho yake palikuwa na kikao.

*

Ikafika siku ambayo Mheshimiwa Tindwa alitaka kuuliza swali kubwa. Kiti cha Makamu wa Kiongozi wa Nchi kilikuwa wazi, na yeye, kwa unyenyekevu, alitaka taifa lisikie jibu moja kwa moja hewani.

Kwa uzito wa siku hiyo, kila mtumishi aliagizwa kupiga makofi kwa mikono miwili Mheshimiwa atakapotaja jina lake mwenyewe. Bwana Pazi alikuwa mtumishi mtiifu. Mheshimiwa alipofika kwenye jina, Pazi akauacha waya ukutani, akasogea mbele kamera imwone, akapiga makofi.

Bi Tabu alikuwa mahali pake, ukutani, na sinia lake. Soketi ilikuwa karibu na kisigino chake. Alifikiria kiinua mgongo chake, kilichokuwa karibu kiasi cha kukishika. Alifikiria vitumbua. Hakujiona shujaa hata kidogo. Alijiona amechoka, na uchovu ukishapita kiasi unafanana sana na ujasiri. Akauzungusha waya kwenye kisigino, akavuta.

"Je, mimi Tindwa ndiye Makamu ajaye?" Mlango ukafunguka.

Giza, taifa zima likitazama.

Mheshimiwa akaufunga, akafungua. Giza. Akafunga, akafungua. Bwana Pazi akageuka, akauona waya sakafuni, akamwona Bi Tabu, na mikono yake ikagandia hewani katikati ya kofi. Angesema waya umechomoka, ingebidi aeleze alikuwa wapi mlinzi wa waya, na pia kwa nini jibu la mashine iliyowanyima walimu nyumba hutegemea waya. Akaendelea kupiga makofi.

"Mashine imeharibika," alisema Mheshimiwa. "Iondoeni."

Hakuna aliyeipinga kauli hiyo, kwa kuwa mashine inayomkatalia Waziri haiwezi kuwa nzima. Ikaandikwa mbovu. Na katika Jamhuri ya Kimbelembele, kila kitu cha serikali kikishakuwa kibovu, iwe kiti cha miguu mitatu au gari lisilo na injini, hupelekwa hospitali za mikoani kama msaada. Kinachobaki ni kuandika hospitali ipi, na hiyo ni kazi ya katibu.

*

Asumini alipiga simu baada ya mvua kupungua.

"Limefika, mama. Lilipakiwa na madawati yaliyovunjika. Tulilichomeka tu, likawaka. Jana tumemwongezea damu mzazi wa mapacha. Yuko hapa, anakunywa uji. Nampa salamu zako?"

Bi Tabu akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Furaha ilimwingia taratibu, kama mgeni asiyejua kama amekuja nyumba yenyewe.

"Mpe. Asumini, nisikilize. Liandikeni bovu kwenye taarifa."

"Lakini ni zima."

"Ndiyo maana. Wakijua ni zima watalifuata. Halafu kuna taa ndogo ndani, juu kulia. Ing'oe. Mkaguzi akija akafungua mlango, akute giza."

"Na akiweka mkono, akasikia baridi?"

"Mkono wanaweka siku ya kupokea. Baada ya hapo hakuna anayegusa."

Taa ikang'olewa. Jokofu likabaki na damu yake, ndani gizani, halijulikani kule mjini kama ni zima au ni bovu, na hakuna anayekwenda kutazama.

Lile ombi la zamani Bi Tabu hakuliondoa, kwa sababu kuliondoa kungezua maswali. Bado analiandika mwishoni mwa ajenda, kikao baada ya kikao: jokofu moja la damu, Hospitali ya Mikongoroni. Wajumbe wanajadili mambo ya wakubwa, saa inakwenda, harufu ya pilau inaingia kutoka ukumbini, Bwana Pazi anafunga faili na kusema mengine tutayaona siku nyingine. Bi Tabu anainamisha kichwa na kumshukuru Mungu.